Faili Langu Limekaliwa na Nani?

Sisi tuliohamia Marekani tuliaminishwa kwamba "njoo kesho" tumeiacha uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Huku mtu anaagiza sufuria usiku, asubuhi iko mlangoni. Mwenye imani hiyo namshauri anunue wiki ya nyumba ya likizo Florida, tena isiwe mpya, iwe ya mkono wa pili.

Kwa asiyemjua mnyama huyu: nyumba moja pale Kissimmee, jirani na Disney World, inagawanywa kwa wiki za mwaka, na kila wiki ina mwenyewe na ina hati yake. Ni upatu, ila zamu yako ikifika hupokei hela, unaogelea. Anayenunua kwa wenye hoteli wanaoziuza wiki hizo hulipa maelfu ya dola, baada ya kulishwa kifungua kinywa cha bure na kushikiliwa mezani mpaka adhuhuri. Anayemsubiri mtu huyo achoke hununua kwa bei ya kutupa. Zipo wiki zinazotangazwa kwa dola 1, mradi apatikane wa kuibeba ada ya matunzo ya kila mwaka. Mimi na mama watoto tuliipata yetu kwa dola 1,000. Na bei sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kukamilisha. Pesa huenda kwanza kwa kampuni ya kati, inazishika kwenye akaunti ya amana mpaka kila kitu kitimie. Zangu zilifika siku ileile. Katika habari hii nzima hakuna kingine kilichofika siku ileile.

Mkataba ukapelekwa kwa wenye hoteli, maana masharti yao yanawapa haki ya kutangulia: wakiitaka wiki ile, wanaichukua wao kwa bei ileile niliyopatana na muuzaji. Muda wa kufikiria huwa kama siku 30. Wiki waliyoiuza wenyewe kwa maelfu, na aliyeinunua sasa anaikimbia, ina nini cha kufikiriwa? Lakini walifikiri. Walifikiri mpaka siku ya mwisho, kisha wakajibu kwa mstari mmoja kwamba hawaihitaji. Hata mimi nikaanza kuitilia shaka.

Baada ya hapo ikatakiwa barua ya kuthibitisha kwamba muuzaji hadaiwi ada. Barua hiyo huandikwa na haohao wenye hoteli. Kampuni ya kati ikasema inawasubiri. Nikawapigia. Dada aliyepokea akanijibu kwamba hawezi kuzungumza habari za wiki ile na mtu asiye mmiliki.

"Ndicho ninachopigia, dada yangu. Nataka niwe mmiliki."

"Sawa kabisa," akasema kwa sauti ya asali. "Ukishakuwa mmiliki, tupigie."

Barua ilipotoka, tukafika kwa wauzaji wenyewe. Hao walikuwa mume na mke walipoinunua wiki ile. Siku hizi mmoja yuko Ohio, mwingine Arizona, na hawasemezani. Hati ya Florida inataka saini za wote wawili, mbele ya mthibitishaji, na mashahidi wawili. Mwanamke alisaini upesi. Mwanamume, alipoambiwa kwamba mwenzake anamngoja, akapata shughuli nyingi. Tangu mwaka 2020 sheria ya Florida inaruhusu mambo haya yafanyike kwa video, lakini bwana yule akasema kamera haziamini. Aliposaini kwa mkono, karatasi zikarudi zina shahidi mmoja. Watu wameshaachana, nami niko Houston naomba Mungu wapatiwe tena mashahidi.

Mjomba wangu wa Tanga, ambaye hati ya kiwanja chake ameifuatilia mpaka mabawabu wa ofisi wanamwamkia kwa jina, alinisikiliza yote hayo kwenye simu, kisha akauliza swali moja tu.

"Mpwa wangu, faili limekaliwa na nani?"

Nikakosa la kumjibu. Kampuni ya kati inamsubiri muuzaji, muuzaji anamsubiri shahidi, hoteli inasubiri karatasi, na kila nikiandika barua pepe najibiwa na mtu mwingine mwenye jina jipya anayenishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu gani? Nani kamwambia ninao?

Hapo ndipo nilipoona jinsi mjomba alivyonizidi. Yeye anayemchelewesha anamjua. Anajua anakaa dirisha gani na anakunywa chai saa ngapi. Anaweza kwenda na kanzu yake, akakaa kwenye benchi lake, akamkazia macho mpaka mwenyewe aone haya. Jioni anarudi nyumbani hana hati, lakini amegombana na mtu na moyo umepoa. Mimi nigombane na nani? Na "tafadhali usijibu ujumbe huu"?

Tena ofisi ya serikali, niliyokuwa nimeiwekea akiba ya matusi, ndiyo iliyoniangusha. Kaunti inasajili hati kwa dola 10 ukurasa wa kwanza na dola 8.50 kila unaofuata. Kodi ya jimbo ni senti 70 kwa kila dola 100 za bei, kwa hiyo wiki yangu ilidaiwa dola 7, haifiki hela ya sahani ya pilau hapa Houston. Hati iliingizwa kwa kompyuta, ikasajiliwa, kwaheri. Matusi yangu yote yakabaki hayana mwenyewe.

Nikadhani nimefika. Kumbe hoteli nayo inabidi iliingize jina langu kwenye mfumo wake, na mfumo una foleni yake. Wiki yetu haina tarehe maalumu, huombwa kila mwaka, na bila jina huwezi kuweka nafasi. Lakini bili ya ada ya matunzo ilinifikia bila kupotea njia, jina limeandikwa sawasawa hadi herufi ya mwisho. Idara ya nafasi hainijui. Idara ya kudai imenifahamu kama mtoto wa nyumbani. Jina lilipoingia, wiki zote za likizo za shule zilikuwa zimekwisha. Mama watoto amepata ya mwezi Septemba, msimu wa vimbunga, watoto wakiwa darasani.

Anasema twende tukaione hivyohivyo, halafu tuiuze. Nimekubali haraka kuliko alivyotegemea. Nimeshaelewa kwamba katika biashara hii mwenye raha ni yule anayesubiriwa saini. Mnunuzi wetu aje tu. Nami nitatafuta shahidi, nikipata nafasi, na nitamshukuru sana kwa uvumilivu wake.