Jina Ndilo Mtu: Mhadhara Uliongojwa na Taifa

Mabibi na mabwana, kaeni. Mtaalamu amekubali kuzungumza. Ifahamike kwanza kwamba cheo cha "Mtaalamu" hakupewa na chuo chochote. Vyuo vilichelewa, akajipa mwenyewe, na tangu hapo hata muuza kahawa humsogezea kiti. Huo ni ushahidi wa kwanza wa nadharia yake: jina ndilo mtu.

Ushahidi wa pili umetoka Marekani, kwa hiyo haubishiwi. Mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wa maombi ya kazi karibu 5,000, yote ya kubuni, yaliyopelekwa kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina ndiyo yaliyotofautiana. Wenye majina ya kizungu, akina Emily na Greg, waliitwa mara moja kwa kila maombi 10 hivi. Akina Lakisha na Jamal, wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi, iliwabidi kufikisha 15. Mtaalamu anatamka: jina la Emily lina nguvu! Kijana mmoja pale nyuma ananong'ona kwamba huyo Emily hakuwapo duniani, na aliyepimwa ni mwajiri. Kijana huyo atolewe nje, taratibu.

Mtazameni Muhammad Ali. Mwaka 1964 alilitupa jina la Cassius Clay, akisema ni la utumwa. Bondia mpinzani wake, Ernie Terrell, akashikilia kumwita Clay. Walipokutana ulingoni Houston, Februari 1967, Ali alimtwanga raundi zote 15 huku akimuuliza: jina langu nani? Sasa, kama jina ndilo mtu, mbona bingwa wa dunia alihangaika hivyo kulitoa kinywani mwa mwenzake?

Mtaalamu anakunywa maji.

Turudi mtaani kwetu. Mwanamke akijifungua Asha, mtaa mzima humwita Mama Asha. Jina alilopewa na wazazi wake linabaki kwenye kadi ya kura na daftari la kikoba. Siku likiitwa zahanati, jirani wa miaka mingi hageuki, kwa kuwa hamjui anayeitwa. Yule binti wa zamani kaenda wapi? Mtaalamu alimuuliza mama watoto wake. Akajibiwa kwamba vitunguu vimekwisha.

Na akina Tabu, Shida na Mashaka, waliobebeshwa majina ya masaibu ya wazazi wao? Mtaalamu anamfahamu Mzee Shida mwenye nyumba tatu. Katika mojawapo amepanga Mtaalamu.

Kilimanjaro nao haukutoa ushirikiano. Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889 alikipa jina la Kaiser Wilhelm. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Mlima haukurefuka hata kidogo. Waliobadilika ni waliokuwa wakiutazama, jambo ambalo Mtaalamu analiona kuwa nje ya mada.

Rais wa Zaire, Joseph-Désiré Mobutu, yeye alijipa jina la Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga mwaka 1972, akawakataza raia wake majina ya Kikristo. Mwaka 1997 aliondolewa madarakani, akafia Morocco, na Zaire ikarudi kuitwa Kongo. Mtaalamu anahitimisha kwamba jina lile lilikuwa refu mno.

Muda umekwisha. Maswali yote yanakaribishwa, isipokuwa la kodi.