Mtungi Usiopika Wali

Mtalii akitoka kuzamia Mnemba huoga, huagiza dafu na kuanza kuhesabu kasa aliowaona. Suti, jaketi la kuelea, mipira ya kupumulia na miwani humwachia kiongozi wake. Kiongozi huyo, kwa majaaliwa ya Mungu, ni mdogo wangu wa mwisho. Hana kituo, leo anaitwa na huyu, kesho na yule, na vifaa ni vyake mwenyewe, anavikodisha. Basi kila jioni vyote huletwa kijijini kwetu, kaskazini ya Unguja, vikaingia uani kwa mama yangu vikichuruzika maji.

Ukitaka kuijua thamani ya maji baridi, kaishi mahali palipozungukwa na bahari. Kisima chetu kina chumvichumvi. Kukiosha kifaa cha kuzamia kwa maji yake ni kukirudisha kilikotoka. Hutumika maji ya mvua yaliyokingwa batini, na yakiisha hayo, ya boza, kwa fedha taslimu. Kila lita ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na mama ameshaamini kwamba gramu zote hizo zinapita mfukoni mwake.

"Kuzama mnazama dakika arubaini na tano, kuosha mnaosha mpaka isha!" husema, akimaanisha mimi pia, ambaye sijawahi kuzama popote.

Mdogo wangu ana jibu, na kwa bahati mbaya jibu lenyewe ni la kweli. Chumvi ikiwa bado majimaji hutoka kirahisi. Ikishakauka hugeuka chembe ngumu zenye ncha, zikajificha ndani ya vali na kukwangua raba, na hapo kusuuza juu juu hakusaidii. Lazima vitu virowekwe. Kwa hiyo vifaa havingoji. Kinachongojwa ni beseni, nalo ni lile kubwa la kuoshea mchele wa harusi, ambalo mtaa mzima unaliazima. Imeshatokea watu wa harusi kulifuata na kukuta limejaa mipira myeusi. Waliondoka bila kusema neno, wakaenda kusema mbele.

Kitu cha kuogopwa kuliko vyote humo ni regulata, yaani kile kichwa kinachofungwa mtungini pamoja na mpira wake unaokwenda mdomoni. Kichwa kina kifuniko chake kidogo, ambacho hukaushwa na kufungwa barabara kabla ya kitu kutiwa majini. Sehemu ya mdomoni ina kitufe kwa mbele. Regulata ikiwa imefungwa mtungini, kitufe hicho husukuma hewa nje. Ikiwa imelala ndani ya beseni bila hewa, kukibonya ni kufungua mlango: maji hupanda mpirani mpaka kichwani, huko kwenye chuma na springi, na safari ya kwenda kwa fundi mjini ikawa imeiva.

Sasa mweleze hayo mtoto wa miaka sita aliyeona kitufe. Mdogo wangu alijaribu kupiga kelele, akajaribu kuweka kiti juu ya beseni, mwishowe akaajiri mlinzi: mpwa wetu, kwa ujira wa biskuti, azuie wenzake wasibonye. Alizuia kwelikweli. Alipoulizwa maji yameingiaje, alisema alikuwa akiwaonyesha wenzake kitufe kipi wasikiguse.

Jaketi halina hatari hiyo, lakini lina aibu yake. Bahari huingia mpaka ndani ya mfuko wake wa hewa, hivyo halitakasiki kwa nje tu. Hutiwa maji baridi kupitia bomba lake, likapulizwa likavimba, kisha mdogo wangu akalipakata na kulitikisa huku na huku kama mama mwenye mtoto wa chango, mpaka liteme yote. Wasichana wa kisimani huchagua saa hiyo hasa kupita na ndoo zao.

Mitungi nayo ilituletea jirani. Huwa haiachwi iishe kabisa, kwa sababu mtungi mtupu ukiachwa wazi huvuta unyevu, na unyevu huula kwa ndani. Ndiyo maana hufunguliwa na kuchunguliwa kila mwaka. Jirani yetu aliposikia kwamba tuna mitungi miwili na wala haijaisha, alikuja na mtoto wa kubeba.

"Niazimeni mmoja, gesi imenikatikia na wali uko jikoni."

"Huu hauna gesi ya kupikia, mama," mdogo wangu akamwambia. "Hata oksijeni tupu si yenyewe, ingawa watu huita hivyo. Ni hewa tu. Hii hii."

Yule mama alitazama mtungi, akatazama juu, akazungusha mkono mmoja hewani taratibu. "Hii hii? Na mnaenda kuinunua?"

Wali wake uliishia kwenye kuni, na habari zetu zikafika hadi sokoni.

Lakini vita kubwa ilikuwa ya suti. Mmarekani mmoja mwanafizikia, Hugh Bradner, ndiye anayetajwa kuibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aligundua kwamba mtu hahitaji kubaki mkavu ili asisikie baridi. Vipovu vya gesi ndani ya mpira wa suti vinatosha kuzuia joto lake lisimtoroke. Ni akili nyingi. Ila mvaaji naye ana maji ya moto yake mwenyewe.

"Nani kakojoa humu?" mama aliuliza siku ya kwanza aliyoigeuza ndani nje.

"Wageni, mama."

"Watu wazima?"

"Wazima."

"Astaghfirullahi."

Hukumu ikatoka palepale: suti isiguse kamba ya kanga zake za kusalia, na imwagiwe maji mpaka isibaki rangi, ladha wala harufu. Kwenye ladha hakuna aliyejitolea. Nathubutu kusema hakuna suti ufukweni iliyosuuzwa kama zile, na maji ya boza safari hiyo hakuyaonea uchungu.

Suti haianikwi juani, kwani jua huuchakaza mpira, wala haitundikwi kwenye hanga nyembamba, maana mabega yatapata makunyanzi. Mdogo wangu alichonga mti mnene, akaitundika chini ya mwembe. Asubuhi mzee jirani akaja kushitaki: "Yule rafiki yenu mpana anayesimama gizani, nimemtolea salamu nikitoka msikitini, kanyamaza. Mmempata wapi?" Mama hakutaka kumvunjia heshima mzee kwa maelezo. Alimtuma mdogo wangu aende kumwombea radhi rafiki yake, naye akaenda.

Rangi iliondoka. Harufu ilikataa. Ijumaa moja, mwenye mali akiwa baharini, mama alikoleza makaa, akatia udi kwenye chetezo na kuifukiza ile suti kama anavyofukiza nguo zote za heshima. Mpira haukujua kwamba unapewa heshima. Mguu mmoja ulijikunja, ukayeyuka na kukigandia chetezo, na kuubandua ilibidi kutumia kisu cha samaki.

Mdogo wangu aliitazama suti muda mrefu, kisha akaikata miguu yote miwili juu ya magoti. Ikawa suti fupi, ambayo kwa joto la maji yetu inatosha, na hukauka mapema. Mgeni wa kwanza kuivaa aliinusa kwapani, akainusa tena, akauliza nyingine kama hiyo zinapatikana wapi. Wenzake nao wakaitaka.

Habari ilipomfikia mama, alidai fungu lake, kwa kuwa udi ni wa kununua. Mdogo wangu akasema sawa, ila atakata kwanza bei ya miguu. Mama amekataa. Anasema miguu ndiyo iliyokuwa najisi.