Kiswahili (Kenya)

Tarehe 14 Oktoba 2025, nchi ikiwa imepumzika kumkumbuka Mwalimu Nyerere, mimi nilikuwa sebuleni kwangu Morogoro nikiomba umeme usikatike. Siku hiyohiyo ndiyo Microsoft ilikuwa imeipanga kukomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, na mpwa wangu, aliyekuja kula sikukuu, alinitisha mpaka nikakubali tuhamie Windows 11. "Mjomba, ni bure kabisa," akaniambia. Bure! Bando langu la wiki nzima lilikata roho kabla ya chai ya saa nne.

Betri ya laptopu yangu ilikufa zamani. Inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa dripu. Kioo kikaandika asilimia 34, na chini yake onyo kwamba nisizime kitu. Nikachomoa pasi, nikachomoa friji, nikazima na redio, ingawa mpaka leo siwezi kueleza redio ilikuwa na kosa gani. Mke wangu alipouliza habari za samaki wake, nikamjibu kwamba ndani ya laptopu mna mtihani wa Kidato cha Tatu. Hakuona uhusiano.

Ikawaka. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba kitufe cha Start kimeondoka kwenye kona ya kushoto, kilikoanzia maisha mwaka 1995, kikahamia katikati kama mgeni rasmi. Mkono wangu haukupewa taarifa. Kwa siku nne uliendelea kwenda konani, na kila ulipofika pale ukafungua utabiri wa hali ya hewa. Sijawahi kuijua mvua ya Morogoro kwa undani kiasi kile.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Balaa nililitafuta mwenyewe, mpwa alipouliza tuweke lugha gani.

Nimefundisha Kiswahili miaka 22. Nimewakata watoto wa watu alama kwa kuandika "setingi". Ningejibu nini? Akateremka kwenye orodha, akatulia, akanitazama kwa huruma. Pale paliandikwa: Kiswahili (Kenya). Nikamwambia atafute vizuri. Akatafuta. Kilikuwa hichohicho. Siku ya Mwalimu Nyerere jamani, mtu aliyemchukua Shakespeare akatupa *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, nami nimekaa kwenye kochi naazima Kiswahili ng'ambo ya Namanga! Nikasema weka.

Mpwa akarudi Dodoma na amani yangu. Kesho yake sauti ikagoma kutoka, nikampigia.

"Mjomba, ingia setingi."

"Humu hakuna setingi."

"Basi tafuta kidude kama gia."

"Ala! Mipangilio!"

Neno hilo nimelitamka darasani mara elfu, mpangilio wa hoja, mpangilio wa aya. Sikujua kwamba siku moja nitafungua mipangilio nikute spika. Nikakutana na "hariri", na mimi mtu wa mashairi ya kale akili ikakimbilia kwenye vitambaa. Nikawa nasoma kwa sauti ili nisipotee: "Kata. Nakili. Bandika."

Jikoni mke wangu akapaza sauti: "Nibandike nini tena, na maharage hayajaiva?"

Mpwa kule Dodoma alicheka mpaka salio likaisha. Langu.

Kumbe ukihamia Windows 11 unapewa siku 10 za kubadili mawazo na kurudi ulikotoka. Ni muda mzuri. Wapo maharusi wasiopewa huo. Siku ya tisa nikaamua kurudi. Nikazunguka ndani ya Mipangilio nusu saa nikikitafuta hicho kitufe, nikaishia kugeuza kioo kizima kuwa cheusi. Ya kumi ikapita nikiwa gizani. Mpwa akanishauri nirudishe walau Kiingereza, dakika mbili tu. Nikamuuliza, na wale niliowakata alama za "setingi" nitawaambia nini?

Kwa hiyo nikachukua karatasi, nikachora mstari katikati. Kushoto nikaandika maneno ya Kiswahili yaliyomo kwenye kompyuta, kulia nikayaandikia maana yake kwa Kiingereza. Naibandika pembeni ya kioo nikiwa peke yangu, na mtu akibisha hodi inaingia kwenye droo.

Wiki iliyopita nilichelewa. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza aliingia kuazima chaki, akaiona, akaisoma yote kimyakimya kuanzia juu mpaka chini. Nikajiandaa kwa kejeli. Naye akafunga mlango, akasogea karibu, akaninong'oneza nimtolee kopi.

"Nakala," nikamsahihisha.