Roda Inakopesha

Mota ya maji ya jengo letu iliungua Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo fundi yuko njiani. Sijui njia yenyewe inaanzia wapi, maana ingekuwa ya Kigoma angeshafika, akala mgebuka, akarudi. Maji yapo, tena mengi, pale chini kwenye kisima cha uani. Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Kati yangu na maji kuna vipandio 54, na navijua vyote kama ninavyowajua wanaonidai.

Kwa siku tunatumia madumu sita. Dumu moja lita 20, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo huna pa kujidanganya. Wiki ya pili mgongo ukaanza kuongea. Ndipo nikawatazama vizuri vijana wa ujenzi ule wa ng'ambo ya barabara. Saidia fundi mmoja, mwembamba kama ufito, amesimama chini na kamba mkononi, ndoo ya zege inapaa kama imeitwa na mizimu. Juu kabisa, kwenye boriti, kuna kigurudumu chenye mfereji. Roda. Wengine huita kapi, na wenye Kiswahili cha gereji husema puli.

Nikakumbuka darasa la sayansi. Mwalimu alituimbisha mpaka tukakauka: mashine ni chombo kinachorahisisha kazi. Wenzo, kabari, mteremko, roda. Hata bendera ya shule ilipanda kwa roda. Mwenzetu anavuta kamba chini, bendera inakwenda juu, sisi tunaimba. Lakini bendera haina kilo 20, na jambo hilo mwalimu hakuligusia.

Nikanunua roda moja na kamba, nikaifunga kwenye chuma cha juu ya kibaraza changu. Nikashuka uani, nikafunga dumu, nikavuta. Kweli likapanda! Watoto wa majirani wakashangilia. Likafika mita 9 juu, usawa wa kibaraza, likaanza kubembea pale kwa raha zake. Mimi nimeshika kamba chini, dumu liko juu, mke wangu yuko sokoni. Nikiachia linanishukia utosini. Basi nikaifunga kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, nikapanda vipandio 54, nikalitoa dumu, nikashuka vipandio 54 kwenda kufunga la pili. Kufikia dumu la sita nilikuwa nimepanda ngazi mara sita. Yaani roda imeyaepusha maji na ngazi, mimi imeniacha palepale.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonikera hasa. Dumu lilikuwa zito vilevile. Roda moja iliyofungwa juu haipunguzi hata gramu: dumu la kilo 20 linataka uvute kwa nguvu ya kilo 20, na kinyongeza kidogo. Inachobadilisha ni upande tu. Badala ya kuvuta kwenda juu kwa mgongo, unavuta kwenda chini, na ukivuta kwenda chini unaweza kuuning'iniza mwili mzima kwenye kamba. Mimi nina kilo 78. Kwa mara ya kwanza maishani kitambi changu kikapata ajira.

Jioni mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, kwani ulipokuwa unabeba kwa ngazi ulikuwa unapandisha kilo 20? Ulikuwa unapandisha kilo 98. Sabini na nane ni wewe." Sikumjibu. Hesabu ikiwa sahihi na ikisemwa na mke, dawa yake ni kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ila kuanzia kesho yake yeye akawa mpokeaji wa juu, na nikaacha kupanda ngazi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini chini yangu, ghorofa ya kwanza, anakaa mzee mmoja wa Pemba aliyekula chumvi ya bahari miaka mingi kwenye majahazi. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba huku jicho liko kwenye kamba yangu.

"Wavuta nini, mwanangu?"

"Maji, mzee."

"Kwa roda moja? Hivyo wamvuta mbuzi." Akavuta kiti, na nikajua leo kazi haitaisha. Akanieleza jinsi tanga linavyotwekwa. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito, hauinuliwi kwa kamba kavu. Unashikwa na henza inayopita kichwani mwa mlingoti. Mwisho wa henza kuna gofia, chini kuna abedari, na jarari inakwenda na kurudi kati ya hizo mbili. Mabaharia wanavuta jarari kwa nyimbo, foromali inapanda. "Siri ni roda inayotembea," akasema. "Yako imekaa tu kama mwenye nyumba."

Nikarudi dukani. Mwenye duka aliniuliza kama najenga. Nikamwambia nabomoka.

Siri yenyewe ni hii. Ukiifunga kamba juu, ukaipitisha kwenye roda iliyoning'inia pamoja na dumu, ukairudisha juu, dumu linakuwa limeshikwa na nyuzi mbili. Kila uzi unabeba nusu. Wewe unashika mmoja tu, kwa hiyo unavuta kilo 10. Kilo 10 nyingine zimebebwa na chuma cha kibaraza, ambacho hakina mgongo wala hakijalalamika. Ukiweka roda mbili juu na mbili chini, nyuzi zinakuwa nne, unavuta kilo 5. Tano! Kilo tano hata mama mkwe anavuta akiwa ameketi. Nilifunga zote nne siku hiyohiyo.

Sasa sikilizeni nilivyopigwa. Ili dumu lipande mita moja, kila uzi katika zile nne lazima ufupike mita moja. Nyuzi nne, mita nne. Ili lifike kwangu mita 9 juu, navuta mita 36 za kamba. Ni kilo 20 mara mita 9, unapata 180. Kilo 10 mara mita 18, 180. Kilo 5 mara mita 36, ni ileile 180. Nimegeuza karatasi juu chini, nimeazima kikokotoo cha mwanangu, haitoki.

Huu ni mkopo, jamani. Roda haikupi kitu, inakukopesha. Inakwambia lipa kidogokidogo, marejesho madogo, hutasikia maumivu, na wewe unasaini kwa furaha. Kisha unajikuta unalipa mpaka magharibi. Madumu sita ni mita 216 za kamba kila siku, zaidi ya viwanja viwili vya mpira, na hakuna hata mwamuzi wa kupuliza kipenga cha mapumziko.

Na kama ilivyo kawaida ya mikopo hii ya kausha damu, kuna riba. Riba ya roda ni msuguano. Kamba inajisugua kwenye mfereji, gurudumu linajisugua kwenye mhimili, na zile roda mbili za chini zina uzito wake, nazo unazipandisha bure kila safari. Niliazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, nikaifunga kwenye kamba nione navuta kiasi gani. Ikasoma kilo 8. Nilitia grisi ikashuka kidogo, na shati langu la ofisini likaharibika.

Kuna Mgiriki mmoja, Archimedes wa Syracuse, ambaye sifa zake nazipokea kwa tahadhari siku hizi. Plutarch, aliyeandika miaka kama 300 baada yake, anasimulia kwamba mbele ya Mfalme Hiero aliivuta meli iliyojaa watu na mizigo akiwa ameketi mbali, ametulia, kwa roda nyingi na kamba. Watu wakastaajabu. Hakuna aliyeuliza alivuta mita ngapi. Meli ikisogea hatua moja, mzee yule alikuwa amekusanya kamba ya kufunga ng'ombe wa kijiji kizima. Bila shaka alikuwa ameketi. Angesimama miguu ingemshinda.

Aliyenipunguzia deni ni mke wangu. Aliwahi kufanya kazi kwenye jengo lenye lifti, akaniambia lifti ina uzito upande wa pili wa kamba, inaposhuka lifti uzito unapanda, kwa hiyo mota haibebi lifti nzima, inahangaika na tofauti tu. "Sasa haya maji ya kufulia unayatia kwenye sinki kwa nini?" Tukarudi kwenye roda moja ya juu. Dumu la maji machafu lita 15 linashuka, la maji safi lita 20 linapanda, mimi navuta kilo 5 na kamba mita 9 tu. Maji machafu anayapokea mzee wa Pemba kwa ajili ya migomba yake ya uani, na ananipigia wimbo wa kutweka tanga.

Habari zikasambaa. Jumamosi asubuhi nilikuta madumu 14 yamepangwa chini ya kibaraza changu, yameandikwa namba za vyumba kwa chaki. Mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akatazama dumu linashuka na lingine linapanda, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Akasema kumbe hata ile mota haikuwa na haraka.

Jana nimempigia fundi kwa siri. Yuko njiani.