Blanketi la Sare

Mama wa Dar es Salaam anayeshona blanketi la viraka vya vitenge hakosi malighafi. Kipaimara, kicheni pati, sendofu, harusi, arobaini ya mtoto: kila shughuli na sare yake, na kitenge cha yadi 6 kikishatoa gauni na kilemba, vipande hubaki kwa fundi. Anachokosa ni jioni ya kushona. Jioni zote zimeliwa na vikao vya kamati, ambako yeye, bila kupigiwa kura, ni mweka hazina. Mawifi wanauliza blanketi litakwisha lini. Ni haohao waliotuma jana, kwenye kundi la WhatsApp, rangi ya sare mpya na namba ya kulipia. Na yeye, wifi mkubwa, wameongeza kwa heshima zote, mchango wake usipungue laki.