Ndovu Hanywi Maji Kamakis

Ukitaja Kamakis, mtu atakuuliza kilo ya mbuzi imefika ngapi. Hakuna atakayekuuliza habari za maji. Nyama ipo, imening'inia kando ya Eastern Bypass, na moshi wake unakulaki kabla hujashuka matatu. Mifereji ya ploti yetu ndiyo yenye tabia za watu wakubwa: inaahidi, inakohoa, kisha inanyamaza wiki nzima. Kwa hiyo mwenye duka la pale chini alipoleta mashini ya kuuza maji ya kisima, tulishangilia. Unatumbukiza mbao, yaani sarafu ya ishirini, unaweka mtungi chini ya bomba, unapata lita ishirini. Ukitaka nusu mtungi, unabonyeza kitufe cha pili na mashini inakurudishia shilingi kumi. Husemi na mtu. Mimi nilipenda hasa hapo pa kutosema na mtu.

Jumapili moja mama mkwe alikuwa njiani kutoka Murang'a, na hakuwa anakuja kunywa chai aondoke. Anakuja kukaa. Tangi lilikuwa kavu, vyombo vya jana viko kwenye sinki, na mke wangu akanikabidhi mitungi miwili pamoja na jicho ambalo halikuhitaji maelezo. Nikapiga hesabu: mitungi kumi itatosha, safari tano, orofa ya nne. Mfukoni nilikuwa na sarafu za ishirini kumi na tatu, nilizomwomba makanga jana yake kwa makusudi.

Niseme neno kuhusu makanga huyo. Gari lilikuwa linakwenda mbio Thika Road, taa za ndani zimezimwa, muziki unatikisa mbavu, naye akazihesabu zile sarafu kwa kidole gumba bila kuzitazama. Kumi zikaenda huku, tano zikaenda kule, ya mtu aliyempa shilingi mia akitarajia chenji ya themanini ikaenda anakojua yeye. Kuna mashini kubwa za benki zinazofanya kazi hiyo. Humo sarafu huteremka kwenye reli yenye matundu, tundu dogo likitangulia na kubwa likifuata, kila sarafu ikidondoka kwenye tundu la kwanza linaloitosha. Ni kazi safi. Sijaona mashini inayoweza kuifanya huku inaning'inia mlangoni na kuita watu wa Ruiru.

Basi, saa mbili asubuhi, nikatumbukiza ya kwanza. Ikateremka ndani, krr, krr, halafu kling! Imerudi kwenye kisahani cha chini. Nikaitumbukiza tena. Kling. Nikajaribu nyingine, na nyingine, na zote zikarudi kwa furaha ya watoto waliofukuzwa shule.

Nyuma yangu foleni ilikuwa na watu saba, na kila mmoja alikuwa mhandisi. Mmoja akasema niisugue sarafu ubavuni mwa mashini. Nikasugua, mahali pale rangi ilikuwa imekwisha, ishara kwamba sikuwa mjinga wa kwanza. Mwingine akasema niipulizie pumzi ya moto. Mama mmoja aliyevaa gauni la kanisani akashauri niitie polepole, "usiirushe kama unamtupia mtu". Kijana mwingine akaipiga mashini teke dogo la kiungwana. Kling.

Ndipo nikasikia sauti kutoka usawa wa kiuno changu.

"Anko, hiyo haitaki ndovu. Inataka Mzee."

Alikuwa mvulana wa miaka tisa hivi, ndala mguuni, mkononi ana kikopo cha siagi kinacholia. Nikatazama sarafu zangu. Kweli, zote kumi na tatu zilikuwa na ndovu. Tarehe 11 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua sarafu mpya: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Katiba ya 2010, ibara ya 231, ilikuwa imekataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, hivyo Mzee Jomo akapisha wanyama. Akapisha kwenye sarafu mpya tu. Zile za zamani hazikufutwa, na mpaka leo utapewa Mzee na ndovu katika chenji moja. Nchi nzima iliwakubali wote wawili. Mashini ya ploti yetu haikuwa imeshauriwa.

"Mzee nitampata wapi saa hii?"

Akatikisa kikopo. "Ishirini na tano."

"Ishirini na tano kwa sarafu ya ishirini?"

"Ukienda dukani utamkosa. Nimezunguka maduka yote saa kumi na mbili."

Alikuwa amezunguka kweli. Amebadilisha ndovu kwa Mzee kila kibanda, moja kwa moja, bila faida wala hasara, halafu akaja kusimama kando ya mashini kama benki. Mzee hakukosekana Kamakis. Alikosekana hapo kwenye foleni. Nikafikiria vyombo vilivyo kwenye sinki. Nikatoa ndovu kumi na mbili na shilingi kumi juu, nikanunua Wazee kumi.

Ni katika dakika hiyo boda boda ilisimama. Mama mkwe, begi mapajani, kuku mmoja mkononi, alikuwa amefika saa mbili na nusu badala ya saa sita. Akatazama kikopo, akatazama kiganja changu, akamtazama mtoto.

"Baba Shiru," akasema, "unanunua pesa kwa pesa?"

"Ni mashini, Mama. Inachagua."

"Inachagua pesa?"

"Ndiyo, Mama."

Hakusema kitu. Alimpa mwenye boda boda nauli, akavuta kreti ya soda, akaketi atazame. Kuku naye akatazama.

Nilitumbukiza Mzee wa kwanza. Krr, krr, tak. Bomba likafunguka. Wa pili vilevile. Huku maji yanajaa nikajaribu kuirudisha heshima yangu kwa elimu. Nikamweleza kwamba mashini ya kwanza ya sarafu tunayoijua ilikuwa ya maji haya haya. Ilielezwa na Heron wa Aleksandria, huko Misri, karne ya kwanza, kwa ajili ya maji ya hekaluni: unaangusha sarafu ya drakma tano, inatua kwenye bapa la wenzo, wenzo unainua kizibo, maji yanatiririka hadi sarafu iteleze na kuanguka, kizibo kinarudi. Kilichohesabika ni uzito tu.

"Kwa hiyo ukitia kipande cha chuma chenye uzito huo?"

"Kingefanya kazi, nadhani."

"Basi hiyo haikuwa ikichagua," akasema, na sikuona la kuongeza.

Fundi alifika kwa pikipiki nilipokuwa nashuka kwa safari ya pili, Wazee wanane mfukoni. Mwenye duka alikuwa amempigia baada ya wateja watatu kuondoka na matusi. Akafungua mlango wa mashini, na sote tukasogea, maana kuona ndani ya mashini iliyokudharau ni haki ya raia.

Nilitarajia kitu chenye akili. Nilikuta kisanduku cheusi kinachotoshana na viberiti vitatu hivi, chenye mtaro mwembamba wa kupitisha sarafu. Kando ya mtaro, imebanwa kwa springi kati ya koili mbili, ilikuwa sarafu moja. Mzee. Amechakaa, ameng'aa kwa kushikwashikwa, amekaa humo kama kibarua wa zamu ya usiku.

"Huyu ndiye sampuli," fundi akasema. "Mashini hii haijui ishirini ni nini. Inamjua huyu tu."

Akatueleza huku amebana bisibisi kwa meno. Koili zinatoa uga wa sumaku. Sarafu yako ikipita kwenye koili za upande wa pili, inauvuruga uga huo kwa namna yake, kufuata madini, upana na unene. Mashini inalinganisha vurugu ya mgeni na vurugu ya sampuli. Zikilingana, kisumaku kinavuta ulimi, sarafu inadondoka ndani na maji yanatoka. Zisipolingana, ulimi unabaki pale pale na sarafu inateremkia kwenye kisahani. Sura haionekani kabisa. Ungechora nyani, mradi chuma ni kile kile, angepita. Hapa kulikuwa na makosa mawili: sampuli ilikuwa imesagika kwa uzee, na skrubu ya kulegeza masharti ilikuwa imekazwa hadi mwisho.

"Nani aliikaza?" mwenye duka akauliza kwa sauti ya mtu anayemjua.

Fundi akasema ni kwa sababu ya mambo ya mwezi uliopita. Sote tuliyakumbuka. Ndani ya mashini kuna ndoo ya sarafu za kumi za kurudishia watu, na chini yake kisahani chenye matundu kinachozungushwa na mota. Kila tundu linabeba sarafu moja na kuisukuma nje, mbele ya jicho la mwanga. Sarafu ikikatiza mwanga, mashini inahesabu moja na kusimamisha mota. Mwezi uliopita waya wa jicho ulilegea. Mashini ikawa inatoa simba bila kujiona imetoa, ikatoa wa pili, wa tatu, ikiendelea kwa uaminifu kutafuta yule wa kwanza. Jioni ile Kamakis nzima ilitaka nusu mtungi. Nilimwona mzee mmoja wa kanisa akipanga foleni mara nne, na ninamjua kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake mara tatu. Baada ya hasara ile mwenye duka alikasirika, akakaza kila skrubu aliyoiona.

Nikauliza kama mtu anaweza kufunga sarafu kwa uzi. Niliuliza kitaalamu. Nilipokuwa mdogo Thika, enzi za vibanda vya simu vya Posta, mimi na kaka yangu tulitoboa shilingi kwa msumari na jiwe, kazi ya siku mbili, tukaifunga uzi wa kushonea tumpigie shangazi Mombasa bure. Uzi ulikatika kabla shangazi hajaitika. Tulipoteza shilingi, msumari, na ngozi ya kidole cha kaka. Fundi akacheka, akaonyesha vijicho viwili mtaroni: sarafu lazima ikatize cha juu kwanza, kisha cha chini. Ikionekana inapanda, mashini inajua ni mwizi.

Kisha akafanya jambo ambalo ningemwomba asubirishe kwa dakika ishirini. Alimvuta Mzee kwenye springi, akaomba sarafu mpya kwa mama wa gauni la kanisani, akambana ndovu mahali pale. Akalegeza skrubu kidogo, si sana, kwa sababu mwenye duka alikuwa amemsimamia. Akafunga mlango.

Nilitumbukiza Mzee wangu. Krr, krr. Kling.

Foleni ilicheka kwa umoja ambao sijauona hata siku ya uchaguzi.

Yule mvulana hakucheka. Alinivuta shati. "Anko, nakununulia hao. Kumi na tano kila mmoja. Soko limeanguka."

Nilikuwa tayari kukubali. Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu wanane kwenye kiganja chake, mimi mtu mzima mwenye kitambulisho, wakati kila kibanda kuanzia hapo hadi Ruiru kingewapokea kwa ishirini kamili. Mama mkwe akainuka kwenye kreti.

"Ngoja. Wewe mtoto. Kama Mzee hana kazi tena, unamtaka wa nini?"

Mvulana akatazama ndala zake.

"Nakuuliza wewe."

"Kuna mashini nyingine," akasema kwa sauti ndogo. "Ng'ambo ya bypass. Karibu na pale pa nyama. Na kuna meza ya pool."

Meza ya pool naijua. Haina koili wala jicho. Ina kisukumio cha chuma chenye vitundu, unapanga sarafu, unasukuma kwa kiganja. Ikiwa ni nyembamba au nene mno, kisukumio kinagoma. Ikikubali, mipira inaporomoka kama mvua ya mawe. Nilitaka kueleza hayo, na vilevile jinsi mpira mweupe unavyorudi peke yake kwa sababu ni mkubwa kidogo kuliko wenzake au una sumaku, lakini mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Baba Shiru, lete hao Wazee. Na huo mtungi mmoja. Wewe nenda ukapeleke maji."

Nikampa. Nilimaliza safari zangu kwa ndovu nilizokopa kwa watu wa foleni, nikaosha vyombo, nikamchinja kuku, mke wangu akampika. Ikafika saa sita. Saa saba. Shiru akaanza kuuliza shosho yuko wapi, na mke wangu akaanza kunitazama.

Nilimkuta ng'ambo ya bypass. Amekalia mtungi wangu uliopinduliwa, leso imetandazwa magotini, Wazee mkono wa kulia, ndovu mkono wa kushoto, shilingi mojamoja katikati. Mvulana alikuwa hatua kumi hivi, amekumbatia kikopo chake, hana mteja. Mama mkwe hakuninyanyulia macho. Alikuwa anamweleza kijana wa tatu kwenye foleni kwamba kwake bei ni ishirini na tatu, na aje na shilingi tatu zake, chenji hana.