Barua ya Wazi kwa Bodi Inayopenda Makombe

Kwa Mwenyekiti na Wanachama wa Bodi ya Usimamizi,
Shule yetu ya Upili ya Wavulana (jina nalihifadhi, maana nina mwana humo ndani).

MINT: PONGEZI KWA KUUFUNGA MUZIKI NA KUUCHANGISHIA PESA SIKU MOJA

Waheshimiwa,

Mimi ni mzazi wa Gredi ya 10, mlipaji karo mtiifu, na nawaandikia nikiwa bado na furaha ya mkutano wetu wa wazazi. Katika ajenda ya tatu mlitutangazia kwamba shule haitafungua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa kuwa hapa tunalea wahandisi na madaktari, hatulei wacheza ngoma. Tukapiga makofi. Katika ajenda ya tano mkaomba kila mzazi atoe shilingi elfu mbili za maleba na basi, ili wavulana waende kutuletea kombe la ngoma. Tukapiga makofi tena. Katikati palikuwa na ajenda ya nne, ya bei ya maharagwe, na nadhani hiyo ndiyo iliyotusahaulisha ya tatu.

Nimeitafakari hekima yenu nikaona haina mfano. Somo la muziki lina gharama za kuudhi. Linataka mwalimu aliyelisomea, chumba, ala, na vipindi mwaka mzima. Kijana afundishwe kusoma noti, azoeshwe kusikiliza, hatimaye akae mbele ya mtahini wa mtihani wa kitaifa, KCSE, apige ala yake peke yake, kisha afanye karatasi ya usikivu na nyingine ya nadharia na historia. Yote hayo kwa gredi moja kwenye cheti! Kombe halina usumbufu huo. Mnamwita mkufunzi kutoka nje, naye anakuja na wimbo umeshatungwa, hatua zimeshapangwa, na shairi la kikundi limeshagawanywa hadi mahali pa kukunja uso. Wavulana wanatolewa darasani wiki sita (vipindi vya hesabu na fizikia vikiwemo, nawakumbusha walezi wa wahandisi). Wanakariri, wanakwenda, wanarudi na kombe. Mwalimu Mkuu anapigwa picha nalo, kisha linaingia kabati la vioo pale mapokezi. Mkufunzi analipwa, anapanda matatu hadi shule jirani kuwauzia hatua zile zile, ila wao wanaanza na mguu wa kushoto.

Nilimwomba mmoja wa waimbaji wetu wenye kombe anisomee mstari mmoja wa noti. Akanijibu kwa adabu zote: "Mzee, hiyo hatukufunzwa. Sisi tuliimba tu."

Chumba cha muziki, kusema haki, tunacho. Ni kile kilicho nyuma ya maabara, kinacholaza magunia na kinanda kimoja ambacho panya wamekifanyia ukarabati. Magunia hayo ni ya maharagwe, na hapo ndipo nilipoelewa ajenda ya nne ilikuwa na udugu gani na ya tatu.

Mjumbe mmoja wa Bodi aliwatuliza wazazi waliotaka kuuliza maswali. Muziki, alisema, ni mambo ya shule za wasichana. Nampongeza kwa ujasiri wa kuyasema hayo mbele ya wazee wa Kijaluo waliokaa safu ya kwanza. Nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, kwa mila yao ilikuwa ya wanaume, na mwanamke kuipiga ulikuwa mwiko. Anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kubobea katika ufundi huo ni Mjapani, Eriko Mukoyama, aliyekuja akajifunza kijijini kwa mzee, na leo anajulikana kwa jina la Anyango. Basi tumefika mahali ambapo binti wa Japani anavuka bahari kuifuata ala ya wanaume, na mwana wa Siaya anaambiwa aiache kwa kuwa ni ya wasichana. Waisukha na Waidakho wa Kakamega nao wana isukuti, ngoma ya harusi na ya matanga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Shule yetu imeitikia dharura hiyo kwa kuipiga wiki sita kila mwaka.

Tuje kwenye maigizo, ambako wasiwasi wenu nauelewa zaidi. Mchezo una mama, na shule haina msichana. Inabidi mvulana wa miaka kumi na sita, sauti imeanza kukwaruza na miguu imemzidi urefu, afungwe leso aambiwe atembee kama mwanamke aliyetoka shambani na kuni kichwani. Siku ya kwanza bwalo zima linaangua kicheko. Akipata mwalimu anayejua kazi yake, baada ya majuma machache kicheko kinakatika chenyewe: yule mvulana hamuigizi tena mwanamke wa kuchekesha, anasema maneno ya mtu. Na wale mia saba walioketi kwenye mabenchi wanasikiliza malalamiko ya mama kutoka kinywani mwa mwenzao wanayelala naye bweni moja. Silijui somo jingine katika shule ya wavulana linalomtaka kijana akae saa nzima ndani ya maisha ya mama yake. Fizikia haiombi jambo hilo. Lakini kazi hiyo huchukua muda, na mkufunzi wa wiki sita hana muda. Yeye humfundisha kutikisa kiuno ili majaji wacheke, na alama zinapatikana.

Wala hatukosi kitabu. Tamthilia teule ya KCSE ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kabla yake ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea. Kila mvulana wa Kidato cha Tatu na cha Nne anayo Bembea yake, imepigiwa mistari kwa kalamu tatu. Atawaeleza muktadha wa dondoo, atawatajia mbinu za lugha, atawajadilia sifa tano za Yona na tano za mkewe Sara. Mwombeni asimame ayaseme maneno ya Sara kama mke aliyechoka, atawauliza yako ukurasa wa ngapi. Mara moja kwa mwaka kikundi cha waigizaji huja na spika zao, tunalipa kiingilio, wanakimaliza kitabu kwa asubuhi moja huku wavulana wakinukuu hoja za mtihani. Maigizo tumeyafanya kama hema la harusi: tunayakodi asubuhi, jioni yanarudi kwa mwenyewe.

Nilitaka kuwatetea kwamba shule ya sayansi haina nafasi ya michezo ya kuigiza. Kwa bahati mbaya kuna Carey Francis. Mwingereza huyu alikuwa mwanahesabu, alifundisha Cambridge kabla ya kuja shule ya Maseno mwaka 1928, na aliiongoza shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Mkali wa nidhamu, mpenda hesabu. Bodi ingempa kandarasi leo leo. Ila katika shule yake hiyo ya wavulana Shakespeare alipanda jukwaani kila mwaka, kama alivyosimulia marehemu mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma pale kati ya 1955 na 1958. Mwanahesabu hakuona kwamba mchezo unamwibia hesabu zake.

Kisha nikakumbuka yaliyompata mwanafunzi yule, na hapo ndipo nilipowaelewa vizuri. Mwaka 1977 Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwapa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mchezo wa Ngaahika Ndeenda wauigize kwa Kikuyu. Novemba serikali ikafuta kibali, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa akapelekwa kizuizini Kamiti. Kumbe Shakespeare wa bwaloni anaweza kumfikisha mtu mbali! Na kama hiyo ni historia ya kale, Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la maigizo, Nakuru, na mchezo wao Echoes of War. Walikuwa wamezuiwa, na Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wake, aliyekuwa seneta Cleophas Malala, akakamatwa. Wasichana wakafika jukwaani bila yeye na bila vifaa vyao, wakaimba Wimbo wa Taifa, wakaondoka. Polisi wakarusha vitoa machozi, pale pale kwenye tamasha la watoto.

Sisi, ashukuriwe Mungu, hatuna balaa hiyo. Mchezo wetu wa mwaka jana ulimhusu mvulana aliyekataa masomo, akavuta bangi, akatubu. Wa mwaka huu unamhusu mvulana aliyevuta bangi kwanza, ndipo akakataa masomo, kisha akatubu. Katika muziki tuna utungo unaowahimiza wananchi walipe kodi. Hakuna askari atakayepoteza mafuta ya gari kutufuata.

Nao huo Wimbo wa Taifa ambao wavulana wetu huuimba gwaridani, wengine sauti tatu kwa wakati mmoja kwa kubahatisha, una habari yake. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilichukua lahani ya bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana likaifanyia kazi hadi tukapata wimbo tulio nao. Serikali ilikuwa inatafuta watu wanaojua kusikia sauti na kuiandika. Ingebisha langoni kwetu leo, tungeionyesha kabati la vioo.

Jambo la mwisho ni la hesabu, kwa kuwa ndiyo lugha yenu. Serikali yenyewe, pamoja na mahaba yake yote kwa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), ilipanga asilimia 60 ya wanafunzi wa Sekondari Pevu waende huko, 25 waende Sayansi za Jamii, na 15 waende Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sisi tumeamua tuwe na sifuri. Lakini wale wavulana hawajatoweka kwa sababu tumeandika sifuri kwenye fomu. Wamo mabwenini, wanapiga ndoo na vitanda usiku hadi msimamizi wa bweni anawachukua majina. Tena mnawafahamu mmoja mmoja, kwani ndio mnaowatoa darasani kila msimu wa kombe.

Naomba basi mjumlishe malipo ya mkufunzi na zile elfu mbili mbili zetu, mwajiri mwalimu mmoja wa muziki kwa mkataba wa Bodi, kama mlivyomwajiri wa fizikia Tume ya Walimu (TSC) ilipochelewa kumleta. Maharagwe yahamie stoo ya jikoni. Mwalimu huyo aanze na noti, aalike mzee mmoja wa nyatiti na mmoja wa isukuti waje wafundishe wenyewe, na muhula wa pili amfunge mvulana leso aigize Sara bwaloni, mbele ya wenzake, bila majaji. Na mkondo wa Sanaa urudi kwenye ajenda. Huenda miaka miwili ya kwanza tusilete kombe lolote. Mzazi yeyote akilalamika, nipeni mimi kipaza sauti nimjibu.

Mpaka nitakapoliona tangazo la kazi hiyo limebandikwa langoni, zile elfu mbili za maleba sizitoi. Karo nimeshalipa na risiti ninayo.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Gredi ya 10